Kiatu cha Mtoto Anayesimama Dede

Ukitoka Sumbawanga mjini kwenda Milepa ni lazima ushuke. Unaacha uwanda wa Ufipa, ambako mwezi wa Juni na Julai watu wanavaa makoti hata mchana, na barabara inaanza kujikunjakunja kwenye ukingo wa Lyamba lya Mfipa. Kadiri gari linavyoteremka, ndivyo abiria wanavyovua masweta. Ukifika chini umeteremka kama mita 1,000, na umeingia bonde la Rukwa: joto, mashamba ya mpunga, makundi ya ng'ombe, miti yenye miiba, na mbele yako Ziwa Rukwa, ziwa la maji ya magadi ambalo mito inaingia na hakuna hata mmoja unaotoka.

Nimeanza na mteremko huo, wasomaji wangu wadogo, kwa sababu hadithi hii iliteremka nao ikiwa ndani ya boksi.

Boksi lilitoka kwa Baba Mkubwa anayeishi mjini Sumbawanga. Alimkabidhi konda, konda akalifikisha Milepa, na nyumba nzima ikakusanyika kulifungua. Mlikuwa na sweta la sufu, kofia, na chini kabisa, wamefungwa kwenye karatasi laini, walikuwamo wageni wa heshima: buti nyeusi za ngozi, soli nene, kamba ndefu, zinang'aa mpaka unajiona. Namba 19. Zilikuwa za mtoto wa kiume wa miezi tisa ambaye wiki mbili baadaye angebatizwa.

Mtoto huyo alikuwa na dada yake, mwanafunzi wa darasa la sita. Nitamwita Dada tu, maana tangu mdogo wake azaliwe nyumba nzima ilisahau jina lake na kumwita hivyo hivyo. Dada akafurahi kuliko wote. Akamkamata mdogo wake, akaingiza mguu mmoja ndani ya buti, akafunga kamba, akamsimamisha. Mtoto akatazama chini, akanyanyua ule mguu mzito kidogo, akakaa kitako, akaanza kulia.

Bibi alikuwa anachambua mchele. Akaweka ungo chini.

"Nipe hiyo."

Akaishika buti kwa mikono miwili na kujaribu kuikunja. Haikukunjika. Akajaribu tena, safari hii akiisaidia kwa goti. Buti ikabaki vilevile.

"Hii ni ya askari," akasema. "Mume wangu hajaandikishwa jeshini."

Mnajua bibi zetu wanavyowaita wajukuu wa kiume waume zao. Basi mama mtu akacheka, lakini Dada hakucheka. Yeye aliona mdogo wake ataingia kanisani peku mbele ya watu wote, na aibu hiyo alishaanza kuisikia mashavuni.

Tusimlaumu Dada, wala Baba Mkubwa. Katika nchi yetu kiatu kilikuwa alama ya mtu aliyesoma, mtu wa ofisini, mtu aliyefika mjini, kabla hakijawa kitu cha kawaida. Mzee aliyetembea peku kwenda shule utotoni mwake atataka mtoto wa mdogo wake avae kiatu kabla hata hajajua kusimama. Huo ni upendo. Ila upendo huo ulimtazama mtoto kwa macho ya watu waliokaa kwenye mabenchi ya kanisa, na haukuuliza miguu yenyewe.

Miguu yenyewe ikoje? Unyayo wa mtu mzima una mifupa 26. Nyayo mbili zina 52, yaani zaidi ya robo ya mifupa yote 206 ya mwili iko chini ya vifundo vya miguu. Mtoto mchanga bado hana mifupa hiyo kama mnavyoijua ninyi. Sehemu kubwa ya unyayo wake ni gegedu, kitu kile kile unachokisikia ukikunja sikio lako. Taratibu gegedu inageuka kuwa mfupa, na haina haraka: uko mfupa mmoja katikati ya unyayo ambao hauanzi kazi hiyo mpaka mtoto afikishe miaka miwili au mitatu hivi. Kazi nzima inamalizika ujanani. Wewe unayesoma hapa ukiwa na miaka kumi na miwili, miguu yako bado inajengwa.

Sasa mfunge mtoto kiatu kinachobana. Wewe ukibanwa unachechemea na kulalamika mpaka upate kingine. Gegedu haina tabia hiyo, yenyewe inapinda tu. Mtoto anaweza kucheza mchana kutwa ndani ya kiatu kilichomkunja vidole na asitoe hata chozi, na mzazi akasema, "Kimemkaa sawasawa, mbona halii?" Kulia au kutolia kwa mtoto si kipimo cha kiatu.

Bibi akamlaza mtoto chali, akamgeuzia Dada unyayo. Ulikuwa tambarare kabisa, kama chapati.

"Bibi, ana miguu bapa!"

"Wote wako hivyo. Bonyeza hapo katikati."

Dada akabonyeza. Palikuwa laini. Ni mafuta, na yamejaa pale ambapo baadaye patakuwa na upinde wa unyayo. Upinde huo unajitokeza polepole, kwa watoto wengi kufikia miaka mitano au sita. Haujengwi na kiatu. Unajengwa na misuli midogo ya unyayo inayofanya kazi kila mtoto anapong'ang'ania ardhi kwa vidole. Mwaka 1992 madaktari wawili wa India, Rao na Joseph, walichapisha matokeo ya kuzikagua nyayo za watoto 2,300 wa miaka 4 hadi 13. Kati ya waliozoea viatu, watoto 8.6 katika kila 100 walikuwa na miguu bapa. Kati ya waliokuwa wakitembea peku, walikuwa 2.8 tu. Na waliovaa viatu vilivyofunika vidole walikuwa na hali mbaya kuliko waliovaa sandali. Kwa hiyo yule anayekwambia buti ngumu "inanyoosha mguu" wa mtoto mzima wa afya, msikilize kwa adabu halafu endelea na shughuli zako. (Mtoto aliyezaliwa na kasoro, labda mguu umegeukia ndani, huyo ni wa daktari, na apelekwe mapema, maana viatu vyake vinatengenezwa kwa kazi maalumu.)

Siku ya ubatizo mtoto aliingia kanisani amevaa soksi nyeupe zilizofumwa kwa mkono. Hakuna aliyemcheka. Watu walikuwa wanamtazama shangazi yake, ambaye viatu vyake vipya vilikuwa vinamtesa kiasi kwamba alipanda kupokea komunyo kama anayetembea juu ya mayai.

Hapo Dada alikuwa bado na swali, na nadhani nanyi mnalo. Ikiwa mguu wa mtoto haudai kiatu, kwa nini mwalimu wa afya kila siku anasema tuvae viatu? Nani kati ya Bibi na mwalimu anasema kweli?

Wote wawili. Mguu hauombi kiatu. Ardhi ndiyo inayokidai. Na ardhi ya Milepa ina mambo yake, tena yanabadilika na majira.

Kiangazi, vumbi likiwa laini na kavu, ni wakati wa funza. Huyu ni jamaa ya kiroboto, urefu wake ni kama milimita 1 tu. Jike linajichimbia kwenye ngozi, linavimba ndani yake mpaka linafikia ukubwa wa punje ya njegere, na mayai yake yanadondokea mavumbini kuanza maisha upya. Mnaweza kudhani funza ni mwenyeji wetu tangu enzi za mababu. Sivyo. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwaka 1872 meli iliyoitwa Thomas Mitchell ilitoka Brazil ikatia nanga Ambriz, pwani ya Angola, ikiwa na funza ndani. Kutoka hapo akapanda nyayo za wapagazi, wafanyabiashara na askari wa misafara, akavuka bara zima, na kabla karne ya 19 haijaisha alikuwa amefika pwani ya Bahari ya Hindi na Zanzibar. Yeye mwenyewe asingeweza kutembea safari hiyo. Alitumia miguu yetu.

Mtoto anayetambaa yuko hatarini zaidi kuliko anayetembea, na hapa kiatu hakisaidii kitu, kwa sababu anatambaa kwa mikono, magoti na makalio. Umvishe viatu vingapi? Kwa hiyo Bibi aliwapa watu wa nyumba ile kazi nyingine kabisa: sakafu ya udongo isiribwe upya nyufa zizibwe, inyunyiziwe maji kabla ya kufagiwa, mbuzi na mbwa walale kwao, na mtoto atambae juu ya mkeka uliokung'utwa. Kila jioni Dada alimwosha mdogo wake miguu kwa sabuni na kumtazama katikati ya vidole, na chini ya kucha pia. Akionekana na funza anapelekwa zahanati. Asichokolewe na pini iliyotoka kwenye mguu wa mtu mwingine, maana pini hiyo inahamisha magonjwa ambayo ni mabaya kuliko funza mwenyewe.

Mvua zikianza, zamu inabadilika. Udongo unakuwa na unyevunyevu na joto, mahali pengine pana kivuli, na hapo minyoo ya safura inaanguliwa kutoka kwenye kinyesi cha mtu aliyejisaidia vichakani. Viluwiluwi vyake havionekani kwa macho. Vinangoja unyayo. Vinapenya ngozi, vinaingia kwenye damu, vinapita mapafuni, vinapanda kooni, unavimeza bila kujua, na vikifika tumboni vinajishikiza kwenye utumbo na kunywa damu. Njia hiyo ya ajabu iligunduliwa Cairo mwishoni mwa karne ya 19 na Mjerumani mmoja, Arthur Looss, baada ya kujimwagia kwa bahati mbaya maji yenye viluwiluwi hivyo mkononi. Ngozi ikawasha. Wiki kadhaa baadaye akajipima choo, akakuta mayai ya minyoo. Ndiyo maana shuleni mnagawiwa dawa za minyoo, na ndiyo maana mwalimu anasema kiatu. Anaongelea njia ya kwenda chooni na mtoni, na ukingo wa jaruba la mpunga.

Ongeza miiba, ongeza vipande vya chupa, ongeza mchanga wa saa nane mchana ambao hata kuku wanaukwepa. Wachungaji wa bonde wanajua: wao wanavaa makatambuga yaliyokatwa kwenye tairi la gari, na mwiba ukikutana na tairi unasalimu amri.

Mambo yakakaa hivyo mpaka mwezi wa Novemba. Mtoto akafikisha miezi kumi na mitatu. Kwa wiki kadhaa alikuwa anasimama dede katikati ya uwanja, watu wanapiga makofi, anaanguka. Halafu asubuhi moja akapiga hatua tatu kumfuata kuku, na kesho yake akamfuata hadi nje ya ua. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Bibi alipomwona anaelekea upande wa choo cha jirani peku, akasema, "Sasa ndiyo tununue."

Zile buti je? Zilikuwa hazijavaliwa tangu Julai. Moja mtoto alikuwa akiitumia kupigia sufuria.

Kabla ya kwenda mnadani Dada alifanya kazi ambayo nawaomba muisome kwa makini, kwa kuwa kila mmoja wenu anaweza kuifanya kesho kwa mdogo wake. Ilikuwa alasiri, maana miguu huongezeka kidogo kadiri siku inavyokwenda na kiatu kilichochaguliwa alfajiri kinaweza kubana jioni. Akaweka daftari sakafuni. Mama akamsimamisha mtoto juu yake, uzito wote miguuni, maana mguu uliobeba mwili hupanuka na kurefuka. Dada akachora kuzunguka mguu wa kulia, kalamu ikiwa imesimama wima, kisha wa kushoto. Akapima kutoka kisigino hadi kidole kilichotangulia kuliko vingine. Kulia ilikuwa sentimita 11.8, kushoto 12. Miguu ya watu wengi hailingani, na mkubwa ndio unaochaguliwa kiatu.

Kisha akaongeza sentimita 1, nafasi ya vidole kusogea mbele wakati wa kutembea na kukua kidogo. Jumla 13. Akakata kijiti cha urefu huo. Akinamama wengi wa bonde huenda mnadani na kijiti au bua lililopimwa mguuni, mtoto akiwa amebaki nyumbani. Ni kipimo kizuri, tatizo lake ni kwamba wengine hukikata sawa na mguu na kusahau ile sentimita.

Na namba? Viatu vingi mnavyoviona vimeandikwa namba kwa hesabu ya Kifaransa: kila namba moja ni theluthi mbili za sentimita. Kwa hiyo ukichukua urefu wa ndani ya kiatu kwa sentimita, ukazidisha kwa 3 na kugawa kwa 2, unapata namba. 13 mara 3 ni 39, gawa kwa 2 ni 19.5. Nusu haipo, panda juu: namba 20. Waingereza wana hesabu yao, ya zamani zaidi, iliyotokana na urefu wa punje ya shayiri: punje tatu ni inchi moja, na kila namba inaongezeka kwa punje moja. Ndiyo maana kwenye mitumba unaweza kukuta kiatu cha mtoto kimeandikwa 20 na pembeni 4. Hakijakosewa. Ni kiatu kimoja kinachosema lugha mbili. Lakini viwanda havifanani, na 20 ya huyu yaweza kuwa fupi kuliko 20 ya yule, kwa hiyo namba inakuonyesha rundo la kuanzia tu. Kijiti ndicho kinachoamua.

Mnadani muuza viatu alikuwa ametandaza turubai lake. Mitumba ilikuwa upande mmoja, vya dukani upande mwingine, na yeye katikati amesimama.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Nataka cha mtoto anayeanza kutembea."

Akampa viatu vya plastiki vyenye taa zinazowaka na kulia piiipii kwa kila hatua. Bibi akavirudisha. Vinamfurahisha mtoto, akasema, lakini nyumba ile ina mgonjwa wa presha. Muuzaji akampa ndala ndogo nzuri za rangi ya waridi na bluu. Bibi akakataa tena. Ndala haina kitu cha kuishika kwa nyuma, hivyo mtoto anatembea akiwa amekunja vidole isimtoke, na hapo ndipo anapojikwaa. Akapewa yeboyebo zenye mkanda wa nyuma. Hizo Bibi aliziwaza zaidi. Zinaoshwa kwa maji mara moja, matope hayazishindi, na bei yake ni ya watu. Ila plastiki haipumui, na kwa joto la Milepa mguu unachemka ndani, unatoa jasho, unaanza fangasi. Akasema ni nzuri kwa kwenda mtoni na kurudi, si za kushinda nazo.

Muuzaji akatoa raba kubwa za mtumba, namba 23. "Hizi orijino, Bibi, zimetoka mamtoni. Atakua nazo."

Atakua nazo! Maneno hayo yameangusha watoto wengi kuliko mizizi ya miti njiani. Nayaelewa. Hela ni ngumu, na mguu wa mtoto wa mwaka mmoja haungoji mshahara. Lakini kiatu kinachozidi namba tatu kinamfanya mtoto aburute miguu, na kitambaa kinachosokomezwa mbele kinasukuma vidole nyuma. Sentimita moja ya kukulia inatosha. Mkitaka kubana matumizi, nunueni kiatu kimoja kinachotosha badala ya viwili visivyotosha.

Niwaibie siri ya kando hapa, maana neno "mamtoni" limenikumbusha. Tanzania iliwahi kujenga kiwanda kikubwa cha viatu Morogoro miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kilikusudiwa kutengeneza jozi milioni 4 kwa mwaka, zitoshe nchi nzima na nyingi ziuzwe Ulaya. Mashine zilikuja, jengo likasimama, likiwa na kuta za alumini na bila njia za kupitisha hewa, chini ya jua la Morogoro. Hakikuwahi kutumia hata asilimia 10 ya uwezo wake, na mwaka 1990 uzalishaji ukakoma. Nasi tunavaa mitumba. Waliokipima kiwanda kile hawakuipima ardhi kitakaposimama, wala soko kitakaloliuzia.

Turudi kwenye turubai. Bibi alipiga magoti akaanza kuchambua rundo la mitumba kama anavyochambua mchele. Alivigeuza chini juu. Soli iliyolika upande mmoja aliiweka kando: aliyekivaa mwanzo alikuwa na mwendo wake, na mtoto wetu hana sababu ya kuurithi. Aliingiza vidole ndani kutafuta mshono mkali au msumari uliochomoza. Alivinusa, jambo lililomuudhi muuzaji. Kisha akavikunja. Kiatu cha mtoto anayejifunza kutembea kinatakiwa kukunjika mbele, pale vidole vinapoanzia, tena kwa nguvu ya mkono mmoja. Kikikunjika katikati ya unyayo hakina mhimili. Kisipokunjika popote, mnakumbuka yule askari. Sehemu ya kisigino iwe imara kidogo ukiibonyeza, soli iwe nyembamba, bapa, yenye michirizi ya kuzuia kuteleza. Pua ya kiatu iwe pana, kwa sababu mguu wa mtoto ni mpana mbele na mwembamba nyuma, kinyume kabisa na viatu vilivyochongoka anavyovipenda shangazi. Vifungo vya maua na shanga alivikwepa. Mtoto wa mwaka mmoja huvila.

Vilibaki vya aina moja: raba ndogo za turubai, rangi ya kahawia iliyopauka, soli ya mpira, mkanda wa kubandika badala ya kamba. Vilikuwa vibaya, nasema kweli. Dada alisononeka. Alikuwa ametupia jicho vingine vyekundu. Lakini kijiti kiliingia, kikagusa mbele na nyuma bila kukunjika wala kucheza, na Bibi akafungua fundo la kanga kutoa hela.

Nyumbani walivifua kwa sabuni, wakavianika juani siku mbili. Vilipokauka, mtoto akavishwa akiwa amesimama. Dada akamsogeza mguu mbele mpaka vidole viguse, akaingiza kidole chake cha mwisho nyuma ya kisigino. Kikaingia kwa shida kidogo. Sawa. Siku ya kwanza walimvalisha muda mfupi tu, kisha wakamvua na kumtazama: pangekuwa na alama nyekundu ambayo haifutiki haraka, kiatu kingerudi mnadani. Haikuwapo. Tangu hapo ikawa sheria kwamba nje anavaa, na akifika mkekani anavua na kukanyaga peku, ili ile misuli midogo isikose shule. Na kila asubuhi kiatu kilikung'utwa kabla ya kuvaliwa, kwa sababu nge wa bonde wanapenda vyumba vyenye giza na mlango mmoja.

Mtu akiwaambia peku ni dhiki tu, msimulieni Abebe Bikila. Mhabeshi huyu alifika Roma mwaka 1960 kukimbia marathoni ya Olimpiki, na viatu alivyovipata kule havikumkaa vizuri. Akaviacha. Akakimbia kilomita 42 peku, hadi usiku ukaingia, sehemu nyingine juu ya barabara za mawe, akashinda. Miaka minne baadaye, Tokyo, alikimbia akiwa na viatu vilivyomkaa, akashinda tena. Alichokikataa Roma ni kiatu kisichomtosha.

Aprili ikafika, na pamoja nayo chanjo ya surua ya miezi kumi na minane. Dada alikuwa amejiwekea mazoea: kila baada ya miezi miwili anafungua daftari na kuchora upya. Siku ya kliniki mguu wa kushoto ulikuwa sentimita 12.8. Raba za kahawia zilikuwa zimemaliza kazi yake. Kabla hajasema lolote, Baba Mkubwa akateremka kutoka mjini kuja kuchukua mpunga.

Aliketi, akapewa maji, akamtazama mtoto akikimbia uwanjani.

"Zile buti zangu mbona simwoni nazo?"

Kukawa kimya. Bibi akajishughulisha na ungo. Dada akaingia ndani, akatoka na buti moja, ile ambayo haikupigiwa sufuria, na daftari. Akampigia magoti Baba Mkubwa, akafungua michoro mmoja baada ya mwingine, kuanzia wa Novemba mpaka huu wa Aprili. Akakata bua sawa na mguu wa Aprili na kulisukuma ndani ya buti. Likagoma kabla ya kufika mwisho.

Baba Mkubwa akalichomoa, akalirudisha, likagoma tena. Akaikunja buti kwa mikono yake mikubwa. Akaitazama soli.

"Kumbe alikuwa anakua wakati zenyewe zinang'aa," akasema, akacheka mwenyewe kwanza, ndipo wengine wakacheka. Kisha akachomoa kalamu mfukoni. "Basi niandikie namba kabisa. Mwezi ujao nikipata mshahara nanunua mjini nawatumia."

Dada akapiga hesabu kwenye pembe ya karatasi. Mnaweza kuipiga nanyi. Alipopata jibu akalitazama, halafu akalifuta.

"Samahani, Baba Mkubwa. Ukipata mshahara nipigie simu kwanza, nimpime siku hiyo hiyo."